Programu Mbili na Ufa Mmoja

Karakana nzima inamwita Rula. Ana miaka arobaini na mbili, kazi yake ni kuchora bodi za saketi, na jina hilo alipewa kwa sababu njia mbili za shaba zinazopaswa kulingana zikipishana kwa unene wa unywele, hapati usingizi. Kwa miaka kumi na moja bodi zake ziliwaka siku ya kwanza na kuendelea kuwaka. Kisha ikaja bodi namba nne.

Bodi namba nne ni ya mashine ya kupima pumzi za wagonjwa. Zilitengenezwa ishirini za majaribio, tisa zikawa na ugonjwa mmoja: zinawaka vizuri, halafu kabla ya robo saa kwisha picha inaganda kwenye kioo. Mkurugenzi alizigeuzageuza mkononi, akaona risasi iliyolehemiwa haing'ai anavyopenda, akamnyooshea kidole fundi wa kulehemu, ambaye ni mdogo wa mume wa Rula.

"Mkono wa shemeji yako umekuwa mzito," alimwambia.

"Mimi mchoro wangu nimeukagua mara tatu," Rula alijibu.

Hakusema zaidi ya hapo, lakini ilitosha. Fundi angepewa barua ya kuachishwa kazi Alhamisi, saa kumi jioni.

Saa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa muda wa kujaribu programu mbili. Mkurugenzi alikuwa amechoka kugundua makosa bodi zikiwa zimeshatengenezwa. Alitaka programu ya kuonyesha jinsi mawimbi ya umeme yatakavyopita kwenye bodi ingali mchoro tu, na Rula ndiye wa kuchagua. Yeye hakuzijaribu kwa mifano mizuri ya wauzaji. Alhamisi asubuhi alizipa zote mbili bodi namba nne. Itakayouona ugonjwa ndiyo itakayonunuliwa.

Programu za aina hii hupanga mawimbi yote moja juu ya jingine, na katikati hubaki uwazi ambao mafundi huuita jicho. Jicho likiwa wazi, mashine inasoma sawasawa. Likifumba, mashine inabahatisha.

Ya kwanza, yenye rangi na vitufe vya kupendeza, ilimaliza kwa dakika nne. Jicho wazi. Ya pili, ya kijivu, yenye maswali mengi kuliko karani wa pasipoti, ilichukua dakika hamsini. Jicho wazi vilevile.

Mkurugenzi alichungulia begani kwake. "Si unaona? Mchoro mzima, kulehemu kubovu. Chukua hii ya haraka, tumalizane."

Alipoondoka, fundi aliingia na bodi mbili kwenye trei.

"Shemeji, mahakama imesemaje?"

"Zote mbili zimesema mchoro ni mzima."

"Basi mimi nimekwisha." Alicheka, lakini trei aliiweka taratibu mno. "Hizi mbili nimezilehemu upya zote, mpaka kioo cha kukuzia kimenionea huruma. Bado zinaganda. Sasa niambie, shemeji. Mkono wangu ungekuwa mbovu, si ungeharibu huku leo, kesho kule? Mbona zote tisa zinakufa palepale, kwenye picha?"

Fundi alipotoka, Rula alirudi kwenye maswali ya ile ya kijivu, akayasoma moja moja kama mtu anayesoma mkataba baada ya kuutia saini. Kwenye swali la kumi na tisa akakuta alama aliyoiweka mwenyewe asubuhi: *Chukulia sakafu ni nzima.* Aliiweka ili hesabu iishe haraka.

Sakafu ni bamba la shaba lililo chini ya njia. Wimbi linakwenda kwa njia ya juu na kurudi kwa sakafu, chini yake hasa. Na sakafu ya bodi namba nne haikuwa nzima. Alikuwa ameipasua mwenyewe mwezi wa pili, ufa mwembamba wa kutenga upande wa kupima pumzi. Wiki mbili baadaye alizihamisha njia za kupeleka picha kwenye kioo, akazipima urefu, zikalingana. Hakutazama kwamba sasa zilipita juu ya ufa, mahali ambapo wimbi halina pa kurudia.

Ile ya kwanza haikuwa hata na swali hilo. Yenyewe huchukulia kila sakafu ni nzima. Angeichagua, hakuna ambaye angejua. Hata hii ya pili, akiiacha na alama yake, ilikuwa upande wake.

Aliifuta alama, akabonyeza anza. Programu ikaandika muda wa kusubiri: saa tatu na dakika arobaini. Saa ya ukutani ilisema sita na dakika tano.

Hakula. Asilimia zilipanda, zikasimama kwenye sitini na moja kwa dakika ishirini nzima, zikapanda tena. Saa kumi kasoro robo picha ikatokea. Jicho lilikuwa limefumba kabisa.

Alikwenda na kompyuta yenyewe ofisini kwa mkurugenzi.

"Nimechagua ya kijivu, Bosi."

"Ile konokono? Kwa nini?"

"Imeuona ugonjwa. Njia za kioo zinaruka juu ya ufa wa sakafu. Hata zile kumi na moja zinapona kwa bahati tu."

"Ufa kaweka nani?"

"Mimi. Na barua ya shemeji imeandikwa kwa kosa langu."

"Uliniambia umekagua mara tatu."

"Nilikagua njia. Sikukagua sakafu."

"Na programu haiwezi kukosea?"

"Inaweza. Mwite fundi aufunge ufa kwa utepe wa shaba, kwenye moja ya zile tisa, tuone."

Fundi alilehemu utepe palepale mezani, Rula na mkurugenzi wakimwangalia mikono. Akawasha. Robo saa ikapita, mstari wa pumzi ukaendelea kutembea kwenye kioo. Ikapita ya pili.

"Chukua ya kijivu," mkurugenzi alisema hatimaye, akaichana barua vipande vinne. "Na wewe, Rula, kuanzia leo mchoro wako ataukagua mtu mwingine kwanza."

"Sawa, Bosi."

Nje mlangoni fundi alikuwa bado ameshika chuma cha kulehemu.

"Wiki nzima nimekula lawama, shemeji, mpaka kaka akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nyumbani utasema wewe au niseme mimi?"

"Nitasema mimi," alisema Rula.

"Utasema vizuri?"

"Nitasema ilivyokuwa."