Kapaka kalikolala juu ya uso wa Mkubwa, Kolwezi wakati wa baridi

Wakuu wa jukwaa, habari za kukaa. Nasema za kukaa kwa sababu sijawahi kupenda kutembea. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, tena sehemu kubwa nikiwa nimekaa. Sijaongeza chumvi.

Ilikuwa Kolwezi, wakati nchi inaitwa Zaïre na sisi wote tunaitwa citoyen, yaani mwananchi.

Nilikuwa karani wa stoo mgodini. Nimemaliza sekondari, najua Kilatini kidogo ambacho hakijawahi kunisaidia hata kuchagua nyanya sokoni. Kazi ikiisha, wenzangu wanakimbilia bia. Mimi narudi nyumbani kukaa na redio yangu karibu na mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa. Cité nzima, mtaa wetu wa wafanyakazi, waliniita "mama wa nyumba". Sikubishana nao. Kwangu kulikuwa na joto.

Mtauliza, Kongo kuna baridi? Njooni Kolwezi mwezi wa sita. Asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe, na maji ya ndoo yanauma meno kama yamekukosea adabu.

Basi mwisho wa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, baridi inapiga hodi, kakaja kapaka. Kembamba, rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Kalizaliwa nyuma ya choo cha jirani yetu, Tata Mukalay. Mama yake alipotea, basi kakachagua mlango wetu.

Mke wangu, Mama Ngoie, alikaangalia vile anavyomwangalia mtu wa kodi.

"Paka mwenye kuya mwenyewe, batu bamemutuma," akasema. "Akiingia mu hii nyumba, miye natoka."

"Nani atatutumia paka shiye? Tuko na nini cha kuonewa wivu?"

"Weye uko na miye."

Paka akabaki nje.

Nilimpa jina Gaspard, na vichwa vya ndakala, wale dagaa wetu, kila jioni, kwa siri. Lakini kila asubuhi nilimkuta anatetemeka zaidi ya jana. Hesabu haikuhitaji Kilatini: baridi kamili ikishuka, huyu haamki.

Bahati Mama Ngoie akapanda treni kwenda Mutshatsha kutafuta makala ya kuuza, kabla baridi haijayapandisha bei. Kwenye mlango alinikumbusha, "Ndani hapana." Nikaapa.

Kwa hiyo nikamjengea Gaspard nyumba nje, chini ya paa la jiko. Nilipata kasha tupu la mbao, lililoleta baruti mgodini. Lilikuwa bado na maandishi mekundu ya hatari, kwa hiyo hakuna mtoto wa cité aliyethubutu kulisogelea. Ulinzi wa bure.

Likakosa kitu kimoja tu: nguo ya kulalia.

Hapa wakuu mnipe nafasi nijieleze.

Ndani ya sanduku la mke wangu mlikuwa na vitenge viwili vya kufaa. Kimoja wax yake ya sikukuu. Kingine kile cha chama tawala, walichogawiwa wanawake kwa ajili ya maandamano, kina uso wa Mkubwa wa nchi, mpana kama sinia, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alikivaa mara moja, akakizika chini kabisa ya sanduku.

Nikapima kisomi. Nikigusa wax, nitamjibu Mama Ngoie. Nikigusa cha chama, nitaijibu serikali.

Nikachukua cha chama.

Gaspard alikipenda kupita wananchi wote. Alikikandakanda kwa vidole vyake, akazunguka, akajikunja katikati ya paji la uso wa Mkubwa, akakoroma.

Jumamosi ikafika. Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mitaa. Mimi mgongo wangu ulikuwa na kawaida ya kuugua kuanzia Ijumaa jioni. Siku hiyo Tata Mukalay, mkuu wa chama katika avenue, barabara yetu, akaja mwenyewe kunitoa. Huyu bwana hata kufyeka nyasi alivaa abacost, lile koti letu la heshima lisilo na tai, na panga mkononi.

Akaniangalia. Akaangalia kasha. Akainama.

"Citoyen! Ule paka analala yulu ya nani?"

Nikajibu nimekaa: "Analala tu, Tata."

"Nimeuliza yulu ya nani!"

Watu wa salongo wakaanza kujisogeza kwenye uzio na majembe yao. Mukalay akapandisha sauti. Jumatatu atafika ku zone, kwenye ofisi ya serikali, jina langu litaandikwa, na mtu akiandikwa kule hana kazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kazi.

"Na uyu paka," akasema, "hataona hata hiyo jumatatu."

Akainua panga. Mimi, shujaa wenu, nilisimama. Nilisimama tu, hakuna kingine nilichofanya.

Ndipo Mama Ngoie akaingia uani, ametoka stesheni, gunia la makala kichwani. Nikajua nimekwisha mara mbili. Akatua gunia. Akaangalia paka, akaangalia kitenge, akaniangalia mimi kwa muda mrefu kuliko vyote.

Halafu akamgeukia jirani.

"Tata Mukalay, uyu paka alizaliwa wapi?"

"Nyuma ya choo yangu. Unaniuliza juu ya nini?"

"Choo yako iko mu Zaïre, ao iko ku inchi ya batu bengine?"

"Mu Zaïre!"

"Na weye kila jumamosi uko natuambia, kila mwenye kuzaliwa mu Zaïre ni memba wa chama, tangia mu tumbo ya mama yake. Ao ulikuwa natudanganya?"

Majembe yakazidi kusogea kwenye uzio.

"Nilisema batu, Mama."

"Ulisema kila mwenye kuzaliwa. Bote hapa balisikia. Sasa memba amevaa kitenge ya chama, unamuinulia panga?"

Mtu mmoja kwenye uzio akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha baridi.

"Kama ni ya kwenda ku zone, beba kitenge weye mwenyewe," akaendelea. "Paka ameshakikojolea. Batakuuliza nani mukubwa wa avenue yenye kufanya mambo kama haya."

Panga likashuka polepole. Mukalay akatafuta mlango wa kutokea bila aibu.

"Jina yake nani?"

"Gaspard," nikajibu, kama mpumbavu.

"Ah! Majina ya bazungu yalikatazwa!" Uso wake ukachanua, amepata kosa la ukubwa anaoweza kuubeba. "Kuanzia leo anaitwa Kabwe."

Kisha kwa ncha ya panga, kwa adabu kubwa, akakigeuza kitenge, Mkubwa akabaki ametazama mbao. Nani alimdharau zaidi, mimi au yeye, sijui hadi leo.

Wageni walipoondoka nikajitetea kwa Mama Ngoie kwamba kitenge chenyewe alikuwa hakipendi.

"Kutokipenda ni yangu," akasema. "Kukitoa nayo ni yangu. Nenda salongo."

Nilifyeka hadi mgongo ukaugua kweli.

Na paka bado akabaki nje. Neno la Mama Ngoie halikugeuzwa kwa ncha ya panga.

Kisha baridi yenyewe ikashuka. Asubuhi moja nyasi zote nyeupe, natoka na kichwa cha ndakala, kasha tupu. Mimi nisiyetembea nikatembea avenue nzima kwa sapatu, naita "Gaspard!", nakumbuka marufuku, naita "Kabwe!" Watu wakafungua madirisha kuangalia nani amechanganyikiwa.

Mlango wa Tata Mukalay ulikuwa wazi kidogo. Nikachungulia.

Mbabula inawaka. Mukalay amekaa na singlendi yake. Kwenye kiti, abacost ya maandamano ya siku ile, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Juu ya abacost, Gaspard, tumbo juu.

"Aliingia mwenyewe," akanong'ona.

"Paka mwenye kuya mwenyewe, batu bamemutuma," nikamjibu.

"Funga kinywa, citoyen. Ikala. Na usimwambie Mama Ngoie."

Nikakaa. Alinimiminia chai. Alikwenda maandamano na manyoya ya paka mgongo mzima, na kabla jua halijapanda Mama Ngoie alikuwa ameshaambiwa yote. Mnadhani ningeweza kumficha?

Paka akaishi kwa Mukalay miaka, akanenepa kama chef wa mgodi.

Funzo langu wakuu ni dogo. Chama kilimwita Kabwe, mimi nilimwita Gaspard, yeye aliitikia ndakala. Baridi ikishika, mnyama haulizi kitenge cha nani, anauliza moto uko wapi. Na mwanaume ukiwa huna hoja, oa mwenye nazo.

Haya, nimekaa hapa nasoma. Nani mwingine wakati ule aliokolewa na ulimi wa mkewe? Na wenye paka, mwaka huu wanalala juu ya nini?