Rubani wa Hollywood

Miaka ya vijiji vya ujamaa, huku Kwai hakuna aliyewahi kuona televisheni. Kwa hiyo Mama Eliza, nesi aliyesoma Marekani, aliponiazima kumbukumbu za mtayarishaji wa vipindi vya televisheni wa Hollywood, nilizisoma kwa Kiingereza changu cha darasa la nane, nikitaka sana kujua picha zinaingiaje ndani ya sanduku.

Nikafika kwenye sura ya rubani. Mtayarishaji alimhangaikia mwaka mzima, kisha wakubwa wakamuua, naye mtayarishaji akalia peke yake garini. Nilimhurumia mno.

Jumapili mchungaji alipouliza mahitaji ya maombi, nilisimama. "Tumkumbuke rubani aliyeuawa na wakubwa wake Marekani." Usharika mzima uliinamisha vichwa, na mchungaji akaomba kwa uchungu.

Tulipotoka, Mama Eliza alinivuta kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rubani huyo ni wa kwenye kitabu changu?"

"Ndiye, mama."

"Si mtu. Huko neno 'pilot' si rubani tu, ni jina pia la kipindi cha kwanza cha majaribio. Wakubwa hawakukipenda, wakakifuta."

Niligeuka nikamkuta mchungaji nyuma yangu.

"Basi nimemwombea nani?" aliuliza.