Mwandiko wa Mke wa Fundi Makochi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida walikunywa chai, na fundi akanuna. Alikuwa anasimulia habari za kochi la mteja lililoliwa na panya, na mkewe hamsikilizi, ameinamia karatasi. Meza nzima ilikuwa herufi. A nyingi, B nyingi, mstari kwa mstari, kwa wino mweusi.

"Leo mashujaa wako hawasemi kitu," fundi alisema. "Wanajifunza kusoma."

"Na wewe ungejifunza nao," mkewe akajibu bila kuinua kichwa. "Sogeza kikombe, kitanimwagikia."

Akakisogeza.

Ndivyo walivyoishi. Fundi alishona makochi, na mlango wa darasa hakuwahi kuuvuka. Mkewe aliandika maneno kwenye vitabu vya katuni vya mashujaa. Wachoraji wakishachora, yeye alijaza viputo vinavyotoka midomoni mwa watu, neno kwa neno, kwa mkono. Ofisini walimwita Wino. Fundi hakulipenda jina hilo hata kidogo. Nani aliwaruhusu kumbatiza mke wa mtu?

Wivu wake ulianza zamani. Kulikuwa na shujaa mmoja, Kimondo, kifua kama kabati. Jioni mkewe angekuwa anaosha vyombo, mara anatabasamu peke yake.

"Kuna nini?"

"Kimondo leo kamwambia mkewe, Bibi Sumaku, neno tamu. Nimeliandika na kulirudia mpaka likakaa sawa."

Fundi akalala ameutazama ukuta. Mtu wa karatasi anatafutiwa maneno matamu na mke wa mwenzake!

Siku nyingine lakini alihitajika. "Kabati likianguka linasemaje?" mkewe angeuliza, kalamu mkononi. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Aliinua kiti akakibwaga sakafuni, mkewe akaandika mlio wake. Katika kazi zote za ofisi ile, hiyo ndiyo aliyoipenda.

Asubuhi ile ya chai mkewe alimweleza zile herufi ni za nini. Mashujaa wa kampuni, wote kumi na mmoja, wanaishi dunia moja. Huyu anatokea kwenye kitabu cha yule, yule anamwokoa huyu, na miaka imekwenda mpaka msomaji mgeni hajui ashike wapi. Basi kampuni inaanza upya. Vitabu vyote vinarudi toleo la kwanza, siku moja. Ya nyuma yamefutwa.

"Na Kimondo na mkewe?"

"Hawajaoana. Hawajuani hata kwa sura."

"Afadhali," fundi akasema.

"Na waliokufa wamerudi."

"Kirahisi hivyo?"

"Ni karatasi, mzee."

Vitabu vyote hivyo kwa mpigo, mkono mmoja hauviwezi. Ofisi ingezipiga picha zile herufi, kompyuta izishike, na tangu hapo yeyote atakayebonyeza, maneno yatoke kwa mwandiko wa mama yule.

"Kwa hiyo unawapa mkono wako."

"Nawapa mwandiko. Mkono si huu hapa, unakuoshea kikombe?"

Akatoka na karatasi zake kwapani. Alifika ofisini, akazikabidhi. Mchana moyo wake ukasimama, amekaa kwenye kiti chake cha kazi. Fundi walimkuta karakana, misumari imejaa mdomoni. Aliitema mmoja mmoja kabla hajauliza.

Baada ya mazishi alirudi kwenye makochi yake. Hakuongea sana, na hata zamani hakuongea sana, kwa hiyo watu hawakuona tofauti.

Ikapita miezi. Siku moja akapita mbele ya kibanda cha magazeti, akasimama ghafla. Vitabu vipya vilikuwa vimening'inizwa kwa vibanio. Kusoma hajui, lakini mwandiko ule aliujua kama mtu anavyojua mwendo wa mtu wake. Pembeni alisimama msichana, kitabu wazi mkononi, anacheka.

Fundi akahisi kitu kinamchoma. Mke wake kamwambia nini huyu?

"Mwanangu, kasemaje hapo?"

"Nani, baba?"

"Hapo. Panapokuchekesha."

"Aa, Kimondo huyu. Anamuuliza Bibi Sumaku, 'Dada, tumewahi kuonana?' Na zamani si walikuwa mtu na mkewe! Muongo huyu!"

Fundi akanunua kimoja. Nyumbani binti yake, aliyekuja kumtazama, akamsomea chote.

"Soma tena."

"Baba, nimesoma mpaka sauti imekauka."

"Haya maneno mama yako aliyaandika?"

"Hapana. Ni mapya. Ni mashine."

"Na yatakuwa yanatoka?"

"Kila mwezi."

Usingizi ukamkataa. Mji mzima unapata maneno mapya kwa mkono wa mkewe, msichana wa kibandani anapata, na yeye hana hata mstari. Mkewe hakuwahi kumwandikia. Angemwandikia vipi asiyesoma?

Kulipokucha akavaa shati la kutokea, akaenda ofisini. Mhariri alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, na fundi alimchukia miaka mingi bila kumwambia, kwa kuwa alikaa na mkewe mchana kutwa.

"Karibu ukae, mzee wangu."

"Sikai. Nimefuata mwandiko wa mke wangu. Nipe niondoke nao."

"Hautoki, mzee. Umo humu kwenye kompyuta, umo na kwa wachapaji. Na alitupatia mwenyewe, kwa hiari."

"Basi acheni kuutumia."

Mhariri akageukia kompyuta. "Njoo huku. Sema neno lolote, nikuandikie kwa mwandiko wake. Uende nalo nyumbani, liwe lako."

Fundi akatazama sakafu. Akatazama mlango, kama kuna anayesikia. Kisha akasema chini chini, "Andika: 'Mume wangu mpenzi.'"

Karatasi ikatoka. Mwandiko ulikuwa wenyewe, wala hauna kasoro, hata mikia ya herufi ilikuwa yake. Fundi akamwomba amsomee. Mhariri akasoma. Fundi akaishika karatasi muda mrefu, na kadiri alivyoishika ndivyo ilivyozidi kuwa ngeni. Mkewe hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ya harusi.

"Huyu si yeye," akasema. "Huyu ni wewe."

Akaikunja akamrudishia, maana mtu mzima hawezi kurudi nyumbani na barua ya mapenzi ya mwanamume mwenye miwani. Mhariri akaona haya, akaitia mfukoni.

Fundi hakuondoka. Kulikuwa na jambo bado linamla.

"Siku ile alipowaletea. Yeye hakuona wivu? Watu wengine kusema kwa mwandiko wake?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo, mzee."

"Akasemaje? Usinipambie. Sema kama alivyosema."

Mhariri akavua miwani. "Alisema: 'Andikeni mnachotaka. Yangu mimi nayamalizia nyumbani, kwa mdomo. Mengi ni ya kumgombeza yule mzee, na hayo siwapi ng'o.'"