Nilitangaza mechi ambayo haikuchezwa, na kipa wetu akafungwa goli

Wakuu, hodi humu ndani.

Naanza na kusema wazi: hii story inanionyesha miye kama mujinga, na si mujinga wa kawaida, mujinga wa kupewa kombe. Munaotaka kucheka muchekee hapa mwanzo, juu kule mbele kicheko kitawakauka.

Masomo yangu yaliishia P6 hapa Nakivale, kampi ya wakimbizi ya Uganda, kwa hiyo sina maneno makubwa ya kufichia uongo. Nitaeleza vile ilikuwa.

Miye ni mutoto wa Kivu ya Kusini, kampi njo imenikomalisha, imenilea mpaka ukubwa. Kazi yangu ni kutangaza mupira. Si ku radio, apana. Niko na megafoni, nasimama pembeni ya kiwanja natangaza mechi za mitaa. Mutu akikosa goli ya wazi namwambia arudi kwa mama yake akanyonye tena. Batu banacheka mpaka banasahau matokeo.

Niko na group ya WhatsApp pia. Natuma voice za mechi, na karibu kampi yote inazisikiliza.

Rafiki yangu mukubwa anaitwa Asukulu. Tunamuita Portail, juu yeye ni gardien, kipa, na geti likifungwa mupira hauna fasi ya kupita. Ni yeye mutu wa kwanza wa mutaa wetu kudaka mu team ya ligi kule Mbarara. Siku Portail anadaka, mama yake anauza sambaza zote, wale samaki wadogo wakavu, mbele ya saa sita, juu kila mutu anataka kusema amenunua kwa mama ya kipa.

Sasa hiyo ligi ikaolewa na kampuni ya kubeti.

Jina silitaji, sina wakili. Kampuni ikaleta jezi, mipira, net mpya. Jina la kampuni likakaa kifuani, kubwa. Jina la team likahamia mugongoni, dogo sawa chapa ya soksi. Leseni iko, imetundikwa ukutani mu kioo. Kila kitu halali.

Pasta wetu alihubiri kwamba kubeti ni mulango wa shetani. Nyuma yake chorale, kwaya ya vijana, ilikuwa imevaa zile jezi, juu zilikuwa za bure.

Na batoto? Mutoto haruhusiwi kuingia mu nyumba ya kubeti. Kuivaa kifuani anaruhusiwa.

Basi mechi zetu zikaingia mu simu. Unaweza kubeti saa mupira unatembea: nani atapiga kona, nani atafunga. Lakini mechi zetu haziko ku TV, kwa hiyo kampuni ilitafuta mutu wa kukaa uwanjani na kuwaambia kinachotokea. Mzee mmoja wa kampuni, mwenye viatu safi sana, alisikia megafoni yangu.

"Kijana, unaona mpira vizuri. Lakini kwetu hakuna michezo."

Nikajibu, "Boss, munanipa kazi ya mupira halafu hakuna michezo?"

Hakucheka. Hapo ningejua.

Nilipewa simu na earphone. Mechi ikianza, mama mmoja anapiga. Kiswahili chake safi mno, hakuna kikohozi, hakuna pumzi. Anauliza: "Nani ana mpira?" Miye naruhusiwa maneno machache tu: nyumbani, wageni, salama, hatari, kona, goli. Basi. Miye na huu mudomo!

Siku ya kwanza nilijaribu. Nikasema, "Hatari, sawa mama mukwe anakuja bila kupiga simu."

Akarudilia: "Nani ana mpira?"

Sasa twende ku siku yenyewe.

Team ya Portail ilikuwa nyumbani, kiwanja cha upande wa Bwizibwera. Mvua ilipiga toka asubuhi. Nikafika Mbarara, nikachukua boda. Boda man akanishusha, akaangalia kiwanja, akaniangalia.

"Ssebo, bwana wangu, leo mpira gani? Hapa watu hakuna."

"Watakuja."

"Wewe hapana kaa hapa peke yako," akasema, akageuza pikipiki haraka kuliko alivyokuja.

Mvua ikakata. Ukungu ukashuka, mweupe sawa maziwa yanayobebwa na malori ku barabara ya Mbarara. Mistari ya kiwanja ilikuwa imefutika. Net zilikuwepo. Bachezaji hakuna, refa hakuna. Kulikuwa kaloli moja tu, ile ndege kubwa yenye kipara inayokula takataka, imesimama kabisa fasi ya penalti.

Nikasema bamechelewa.

Simu ikalia.

"Nani ana mpira?"

"Madame, hapa hakuna mutu."

"Mechi imeanza. Nani ana mpira?"

"Madame, iko kaloli moja tu, na haina jezi."

"Mechi imeanza. Nani ana mpira?"

Wakuu, mungefanya nini? Nilikuwa nimelowa, naona baridi, na hasira ya utani ikanipanda. Nikasema tu, nione atasema nini:

"Nyumbani. Salama."

"Asante."

Hajawahi kuniambia asante.

Mwanzo nilicheka peke yangu. Salama, hatari, wageni, kona. Nikajisikia mwalimu wa bachezaji hewa. Halafu nikashituka: shingo yangu ilikuwa inageuka. Kushoto, kuume, kushoto. Nilikuwa nafuata mupira. Nikisema kona, macho yanakimbia ku kona. Na ile kaloli ilikuwa inageuza kichwa pia.

Nikasikia pu! ndani ya ukungu, sawa mutu amepiga mupira wenye maji. Nikajiambia ni parachichi imeanguka.

Hakuna muti wa parachichi pale. Hakuna muti wowote.

Kipindi cha pili yule mama akaanza kunitangulia.

"Hatari?"

Na miye nilikuwa ndio kwanza nafungua mudomo kusema hatari.

"Ndiyo. Hatari."

"Kona?"

"Kona."

Ikafika fasi si miye tena ninatangaza. Ni yeye anaona, miye naitikia amina.

Mwishoni akauliza pole pole: "Goli?"

Kaloli ikafungua mabawa yake, ikatembea pole pole, ikaingia ndani ya goli la nyumbani.

"Goli," nikasema. "Wageni."

Mpaka leo sijui kwa nini mudomo ulichagua wageni. Yeye hakusema wageni. Nilisema miye.

Simu ikakata. Nikaona woga, na miye nikiona woga nafanya utani. Nikafungua group ya kampi, nikatuma voice: "Wapenzi basikilizaji, leo Portail amefungua geti! Mupira ulikuwa unatembea sawa bibi anaenda église kusali, yeye akapiga magoti sawa anaomba, ukapita chini ya tumbo!"

Nilifikiri batacheka, juu mechi haikuwepo.

Nilisahau kitu kimoja: kwamba haikuwepo nilijua miye peke yangu. Batu balikuwa na simu zao, na simu ilisema sifuri kwa moja.

Kurudi, nikapita mbele ya nyumba moja ya kubeti pale Mbarara. Ndani ni kelele. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti chini anaonyesha wenzake vile kipa alifungwa. Mwingine akasema, "Mimi nilikuwa uwanjani, nimeona na macho."

Nikamwangalia miguu. Viatu vikavu kabisa.

Nikafika kampi. Munajua nilimukuta nani? Portail. Asubuhi bwana mmoja wa team alimupigia simu kwamba mechi imeahirishwa juu ya mvua, akabaki nyumbani akapanda juu ya paa la jiko la mama yake, anatengeneza turubai lililopasuka. Majirani ba karibu balimuona. Miye tu njo hakuna mutu alikumbuka kunipigia.

Batu balijaa mulangoni.

"Portail, umeuza mechi!"

"Mechi gani? Nilikuwa huku juu!"

Mama Furaha, jirani yao, akasimama katikati. "Ni kweli. Miye mwenyewe nilimupa misumari saa ile ya mupira."

Nikapumua. Nikasema imekwisha.

Lakini mzee mmoja akainua simu yake. "Hii inasema alifungwa. Na voice ya mutangazaji iko hapa. Mama Furaha naye hatujawahi kumusikia anadanganya."

Halafu mutu mmoja nyuma, sijui nani, akasema kwa sauti ndogo: "Basi alikuwa fasi mbili."

Wakuu, kwetu lile neno si la kuchezea. Mutu wa kuwa fasi mbili ni mulozi, si mutu wa kukaa naye. Ningefurahi kama bangepiga kelele, bangetupa mawe hata. Balirudi nyuma tu, hatua kwa hatua, bamama banavuta batoto. Mama Furaha akachukua kitenge chake akapangusa ule mukono uliotoa misumari. Akapangusa tena.

Nikapanda ku jiwe. "Sikilizeni! Ni miye! Hakukuwa mechi, nilitunga yote!"

Bakacheka.

"Huyu naye! Leo kweli umeamka vizuri."

Siku iliyofuata nikaenda sokoni na megafoni. Nikaapa kwa mama yangu. Nikaapa kwa Biblia. Bakacheka mpaka bakashika mbavu. Mubaba mmoja akaniomba nirudilie ile ya bibi anaenda église.

Hapo nikaelewa: mutu wa utani akisema kweli, kweli yake inavaa nguo za utani.

Tukaenda Mbarara, miye na Portail, ku ofisi ya ligi. Tulikuta bwana mupole, akatupa chai. Nyuma yake bango la kampuni, ukuta mzima.

Akaangalia ku kompyuta yake. "Mechi hiyo haikuchezwa. Mvua."

Portail akanishika goti chini ya meza kwa furaha.

"Basi boss, tuandikie hivyo, niwaonyeshe batu kwetu," Portail akasema.

Bwana akakuna shingo. "Niandike nini, ssebo? Kwamba partner wetu anasema uongo? Hiyo jezi umevaa ni yake."

"Lakini kule banasema nilifungwa."

"Kwetu hakuna goli. Kwa kampuni liko. Kila mtu na mambo yake."

"Na miye? Goli iko kwangu ama haiko?"

Bwana akakunywa chai. "Kwa sasa utakaa benchi kidogo. Watu wanaobeti wamepoteza imani na wewe."

Wakuu, munaona hiyo? Ligi yenyewe inajua hakuna mechi. Na inamuweka benchi kwa ile mechi.

Tukiwa nje nikapiga ile namba. Ikapokelewa mara moja.

"Madame, ni miye. Ile mechi haikuchezwa. Tafadhali ifute."

"Matokeo yamethibitishwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Halafu, kwa mara ya kwanza, nikamusikia anapumua. Akasema: "Ulitangaza vizuri sana."

Ile simu nilimurudishia mzee wa viatu safi siku ileile. Hakuniuliza kwa nini. Alimupa kijana mwingine aliyekuwa anangoja pale mulangoni.

Sasa hivi sambaza za mama ya Portail zinalala juu ya meza mpaka jioni. Chorale imemuambia Portail apumzike kidogo. Batoto bakimuona na mupira banaacha mupira banakimbia. Yeye hakasiriki. Hiyo njo inaniogopesha.

Somo langu ni hili, na munisamehe kama halina herufi kubwa. Sisemi kubeti ni wizi. Leseni iko, nimeiona. Lakini mwenye mechi akikula ku sahani moja na mwenye kubeti, siku uongo ukiingia hakuna mutu atabaki wa kuutoa. Kampuni haitasema, juu imeshalipwa. Ligi haitasema, juu imevalishwa. Anabaki mucheza, na jezi yenye jina la watu wengine.

Na weye mwenye mudomo mwepesi sawa yangu: mutu asiyekuona akikuuliza juu ya kitu kisichokuwepo, nyamaza.

Kama humu kuna mutu wa sheria, ama wa mupira, ama pasta ambaye hajavaa ile jezi, aniambie kipa anasafishwa namna gani kwa goli ambayo haikufungwa. Wengine munitukane kidogo, nimeshazoea, lakini mukimaliza muache na shauri.

Juzi nilimufuata Portail ku kiwanja cha hapa kampi. Alikuwa amekaa peke yake katikati ya nguzo za goli, jua bado liko juu. Nikamuambia nataka kuandika uzi, batu basome, labda humu bataniamini.

Alikuwa anaangalia mukono wake wa kuume, anakunja vidole, anavikunjua.

"Achana nayo, ndugu yangu," akasema. "Ule mupira niliugusa. Kidogo tu, na hiki kidole."