Mzungu Aliyemshukuru Mama Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Rockville, nilipewa mkanda mpana wa kitambaa kabla sijaonyeshwa pa kuweka koti. Mkanda huo hufungwa kiunoni mwa mzee ili umshike vizuri anapoinuka. Msimamizi wa zamu, Mkenya mwenzangu aliyetangulia Marekani miaka mingi, alinitazama nikiugeuzageuza mikononi akasema, "Dada, uki-drop mgonjwa hapa, ume-drop kazi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna vitanda vinavyopanda kwa kitufe na mashine za kuinulia watu. Sisi tuliinua kwa migongo, na wangu bado unakumbuka. Rockville nilijifunza kumgeuza asiyeweza kujigeuza, ili ngozi yake isichubuke na kuwa kidonda cha kulalia. Nilijifunza pia kubisha hodi kwenye mlango wa mtu asiyeweza kuitika. Hilo alinifundisha Nesi Mkuu, mwanamke mkali ambaye namshukuru mpaka leo. Kutoka pale nilihamia Springfield, kisha wakala aliyetutafutia kazi akaanza kunituma majumbani mwa watu. Ndivyo nilivyofika mji wa Falls Church, kwa Mzee Clive.

Alikuwa Mwingereza, mwalimu wa hesabu mstaafu aliyefiwa na mke. Alivaa tai juu ya pajama, birika lake alilivika kofia ya sufu ili chai isipoe, na hakuamini kwamba kuna Mungu. Hilo la mwisho aliniambia pale pale mlangoni, kama mtu anayekutahadharisha kuwa ana mbwa.

Kisha akaniuliza kama najua kupika chai. Mimi, mtoto wa mashamba ya chai ya Kericho, kuulizwa swali hilo. Nikabandika sufuria, nikatia maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi, nikachemsha mpaka ikapanda. Mzee Clive akaonja, akaonja tena.

"Esther," akasema, "hii ni supu nzuri sana. Sasa tutengeneze chai."

Kwake yeye majani yalimwagiwa maji yanayotokota ndani ya birika, yakaachwa yakolee, na wakati yanakolea hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Maziwa yalikuja mwisho, kidogo tu. Niliiona ni chai ya mgonjwa, lakini mnywaji alikuwa yeye.

Kabla ya kunywa nilifumba macho nikashukuru, kama nilivyolelewa. Alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. Halafu akasema nina bahati, maana shukrani zangu zote nazipeleka mahali pamoja. "Mimi sina wa kumpelekea zote," akasema, "kwa hiyo nalazimika kuzigawa." Na kweli aligawa. Alimshukuru mleta barua, fundi wa lifti, na mtu yeyote yule aliyebuni soksi. Akiinua kikombe alisema, "Na asante kwa aliyechuma."

Nikamwambia huenda aliyechuma ni mama yangu. Mama alichuma majani chai Kericho tangu usichana wake, kikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mzee Clive akaweka kikombe chini, akaniuliza jina lake. Nikamwambia aliitwa Tapsubei, na kwamba alishafariki. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kunywa, alisema, "Asante, Tapsubei." Alilitamka vibaya. Mara ya kwanza nilikwenda kulia jikoni, maana mama alichuma maisha yake yote na sikuwahi kusikia mnywaji akimshukuru.

Tulibishana miaka mingi, kwa heshima. Aliponiuliza kwa nini mkewe aliteseka vile, nilimwambia sijui. Nilipomuuliza shukrani zote hizo zinamjaa kutoka wapi, alinyanyua birika akanimiminia. Tulikunywa chai. Jumapili nikifika kutoka kanisani, aliniomba nimpikie ile supu.

Moyo wake ulipochoka, daktari alimweka kwenye huduma ya wanaokaribia kufa, yaani dawa za kutuliza maumivu tu, si za kuponya. Mchungaji wetu alipopata habari akaniambia, "Dada Esther, Mungu alikupeleka pale kwa sababu. Usimwache aende hivyo." Nami niliogopa, nasema wazi. Nilimpenda yule mzee, na mambo niliyofundishwa tangu utoto yalinitisha kwa ajili yake.

Siku moja akanishika mkono. Alisema binti yake, Fiona, atataka maombi, na yeye hataki kusemewa maneno aliyokataa kuyasema akiwa na akili zake timamu.

"Usiniombee, Esther. Na usiruhusu wengine."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu wewe unaamini kuna anayekusikia ukiahidi."

Nikaahidi.

Alifariki asubuhi moja, nikimlowesha midomo kwa sifongo iliyochovywa kwenye chai. Fiona alikuja kutoka mbali, akawakusanya majirani sebuleni. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Mbele ya wote akanigeukia, akanisihi nimwombee baba yake, hata maneno machache. Kila kitu ndani yangu kilitaka. Yeye angefarijika, mchungaji wangu angefurahi, na mzee mwenyewe asingejua.

"Nilimwahidi kwamba hakutakuwa na maombi," nikasema. "Lakini naweza kupika chai."

Nikamwaga maji juu ya majani, nikalivika birika kofia yake, nikawaeleza kanuni ya nyumba. Wote wakanyamaza mpaka chai ikakolea. Nilipokwisha kumimina nikainua kikombe, nikasema, "Asante, Tapsubei." Fiona alilijua jina hilo, alikuwa akilisikia kwenye simu akiongea na baba yake asubuhi. Akalirudia, na akalitamka vibaya vilevile.

Sasa nimestaafu. Mgongo umegoma, na chai napika ya kwetu, ya sufuria. Nikiketi nayo asubuhi namshukuru Mungu kwanza, kwa ajili ya wote aliowaweka mikononi mwangu. Kisha namshukuru mama. Kisha nasema, "Asante, Clive," na naishia hapo. Sijamwombea hata siku moja, na kila siku ulimi unaniwasha.