Malaika Aliyechomwa Mkuki

Thurstan alikuwa mtambaji wa mashairi ya mashujaa, na kila Krismasi alitamba katika ukumbi wa Bibi Idonia. Shairi likipendeza, alipewa pa kulala kando ya meko mpaka theluji iyeyuke. Lisipopendeza, alirudi njiani.

Mwaka huo Padri Anketil alimjia asubuhi ya sikukuu.

"Mzee, katika shairi lako kuna yule mtu mwenye pembe za kulungu, anayetoka chemchemini. Huyo ni shetani. Mtoe, weka malaika."

"Baba, yule ndiye majira ya baridi. Shujaa anamchoma mkuki, damu ikidondoka nyasi zinachipua. Wazee wetu walimwimba kabla ya..."

"Kabla ya kubatizwa! Malaika, au huimbi."

Padri huyo huyo alikuwa amepamba altare kwa matawi yasiyonyauka, desturi ya wazee hao hao. Lakini baridi haibishani na mtu, na Thurstan akakubali.

Kutwa nzima alihangaika. Mashairi ya kwao hayakuwa na vina. Maneno mazito ya kila mstari yalianza kwa sauti moja, yakashikana kama fito za ukuta. Ukiing'oa pembe, pori na pango vinaporomoka nayo. Alijenga, akabomoa, akasonya. Kila alipomwendea padri kumkumbusha mwisho wa hadithi, alikatizwa: "Malaika, mzee! Malaika!"

Haya, shauri yake.

Jioni ukumbi ulijaa. Malaika akatoka chemchemini, aking'aa. Watu wakaguna.

"Pembe kazila nani?" aliuliza Magota, mpishi.

"Tulia, mama!" Thurstan alifoka, akaendelea. Shujaa, msalaba kwenye ngao yake, akapanda farasi, akainua mkuki, akamchoma malaika ubavuni.

"Yesu wangu! Leo Krismasi!" Magota alipiga ishara ya msalaba. "Ndiye shujaa gani huyo? Jambazi!"

Bibi Idonia aligeuka polepole. "Thurstan, kufuru hii umeitoa wapi?"

"Muulize aliyeketi kushoto kwako, Bibi."

Padri alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mrudishie pembe zake," alisema kwa sauti ndogo. "Anzia chemchemini."

"Chemchemini! Mistari yote nimeibomoa kwa ajili yako, Baba. Naanza mwanzo."

Akanywa bia, akaanza upya kwa sauti iliyoanza kukwaruza. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza, Bibi Idonia alimwashiria aende kulala; akakuta mbwa amelala mahali pake kando ya meko. Akamsukuma kwa mguu.

"Na wewe pia unanivurugia!" akasema, akajilaza.