Mtetemo Kwenye Mgongo wa Mama Evodia

Pale Utemini, mjini Singida, watu wamezoea kuona miguu ya mwanamke imechomoza chini ya gari. Miguu hiyo ni ya Martina Alute, fundi wa mabomba ya moshi. Ni mwaka wa kumi na moja sasa anakata, anakunja na kuchomelea mabomba, na dereva akitoka kwake barabara nzima inajua, kwa sababu gari lililoingia likinguruma hutoka kimya.

Ufundi huo aliuanzia kwenye chai. Alikuja mjini kutoka Mitundu, akawa anapeleka chai na maandazi kwenye gereji ya mzee Paulo, fundi ambaye miali ya mashine ya kuchomelea ilikuwa imemla macho kwa miaka mingi. Siku moja Paulo alimwita akipita na birika mkononi.

"Hebu nitazamie huu mshono, binti. Unaona nini?"

"Naona kitundu, mzee. Kidogo, kama tundu la sindano."

Paulo aliuchomelea upya. Kesho yake akamwita tena, na keshokutwa, hadi ikawa chai inapoa Martina akiwa amepiga magoti pembeni ya vyuma. Baadaye alishika koleo, kisha mashine yenyewe. Paulo aliposhindwa kabisa kuona, alirudi kwao Iramba, akamwachia ile mashine. "Macho yaliyokuwa yanafanya kazi hapa ni yako tangu zamani," alimwambia. Martina hakubisha. Alijua ni kweli.

Basi, mwezi wa saba mwaka huu, upepo wa baridi ukivuma na alizeti imeshavunwa, alikuja mteja kutoka Issuna, mzee Zefania, mwenye pikapu ya milango minne. Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza hadi moshi ukawa unaingia ndani. Angevumilia, lakini mkewe, Mama Evodia, alikuwa amepasuliwa mgongo, na mara mbili kwa wiki alimleta hospitali mjini kwa mazoezi. Hakutaka mgonjwa avute moshi njia nzima. Alikuwa amekwisha kununua bomba jipya dukani, nene na linalong'aa, ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya gari lile hasa. Martina alilipachika mchana mmoja. Gari likaondoka kimya.

Siku ya nne likarudi, likitokea hospitali.

"Shikamoo baba," Martina alisalimia akijifuta mikono.

"Marahaba mwanangu. Kelele zimekwisha, moshi umekwisha, lakini gari linatetema. Mama yako amelia njiani."

Mama Evodia alikuwa ameketi kiti cha nyuma, ameegemea mto, macho ameyafumba. Martina alimwamkia, naye akaitikia bila kuyafumbua.

Obadia, fundi wa injini wa gereji ya jirani, alikuwa amesogea kusikiliza. Ni mtu mwema, lakini jibu lake huwahi kufika kabla swali halijaisha. "Hizo ni mauntingi," alisema. "Raba zinazobeba injini zimekufa. Zibadilishwe zote, mtetemo utakoma."

Zefania akamgeukia kwa matumaini. Martina alifungua boneti, akachukua mtaimbo, akainua injini kidogo huku na huku akizitazama zile raba. Zilikuwa nzima, hazijapasuka wala kulegea. Alifunga boneti, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akachuchumaa.

"Mama, wewe ndiye unayeusikia zaidi. Hebu nieleze unavyokuja."

Mama Evodia alifumbua macho. "Tangu juzi hakuna aliyeniuliza mimi," alisema. "Sikiliza. Tukitoka nyumbani asubuhi, gari limetulia. Tukifika Ikungi ndipo linaanza. Kwenye kilima linazidi. Baba yenu akiachia mafuta, linakoma pale pale. Linaanzia chini ya mguu wangu wa kulia, halafu linapanda hadi kwenye mshono."

Martina alibaki amechuchumaa. Asubuhi, gari likiwa baridi, limetulia. Likipata moto, linatetema. Likibeba mzigo wa kilima, linazidi. Alikumbuka mikono yake mwenyewe ikifunga lile bomba kwenye sakafu tambarare, likiwa baridi, akaacha nafasi ya upana wa kidole kati yake na chuma cha fremu kinachokatiza chini ya gari. Wakati ule aliona inatosha. Lakini chuma kikipata moto hurefuka, na injini ikivuta kwa nguvu huinama upande. Kidole kimoja kingebaki wapi?

Aibu ilimpanda shingoni, akaiacha ipite. Akasimama.

"Baba, nadhani kosa ni langu," alimwambia Zefania. "Bomba linagusa fremu likipata moto. Lakini sitaki kudhani. Nipe saa moja nikuonyeshe."

Alisubiri bomba lipoe, akachanganya chokaa na maji kwenye kopo, akaingia chini ya gari na brashi. Alilipaka bomba lote, kutoka chini ya injini hadi nyuma. Wakamwacha Mama Evodia apumzike kwenye benchi penye jua, Zefania akashika usukani, na Martina akaketi pale pale alipokuwa ameketi mgonjwa. Walipanda kilima kwenye barabara ya kwenda Ikungi mara tatu. Mara ya pili mguu wake wa kulia uliusikia mtetemo, mdogo na wa haraka, kama simu inayoita ndani ya mfuko. Mtu mwenye mgongo mzima angeusahau. Aliyeshonwa asingeweza.

Waliporudi, gari likainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Martina, Zefania na Obadia waliinama. Bomba lilikuwa jeupe lote, isipokuwa mahali pamoja pa ukubwa wa ukucha, ambapo chokaa ilikuwa imefutika na chuma kinang'aa. Juu yake, kwenye fremu, palikuwa na doa jeupe la ukubwa ule ule.

Obadia alikuna kidevu. "Sawa, mauntingi zimepona. Basi ligonge nyundo hapo, libonyee."

"Nikilibonyeza nitalikaba gari koo," alisema Martina. "Bomba halina shida. Shida ni kwamba nililivuta ili lifuate vishikizo vya bomba la zamani. Limekaa kwa kulazimishwa."

Alilegeza boliti zote kuanzia mbele kwenda nyuma. Ya mwisho ilipoachia, bomba lilijisogeza lenyewe upande wa kushoto, vidole viwili hivi, likatulia, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Martina aliitikia kwa kichwa. Alikata vile vishikizo viwili vya zamani, akachomelea vingine pale bomba lilipochagua kukaa. Raba za kuning'inizia zilizokuwa zimevutika alizitupa, akaweka mpya zilizo laini.

Lilibaki jambo moja. Bomba la zamani lilikuwa na kipande cha kunyumbuka karibu na injini, kilichosukwa kwa nyaya, lakini lile jipya lilikuwa chuma kitupu, kwa hiyo kila injini ilipojitikisa lilitikisika nalo. Alikwenda kwenye lundo la vyuma nyuma ya banda, akakipata kile kipande cha zamani. Alikikunja, akakitazama mwangani, akakiona kizima. Akakata bomba jipya na kukipachika katikati, akazunguka na mshono wake taratibu.

Hakukaza boliti hata moja hadi injini ilipowaka na bomba kupata moto. Ndipo alipokaza, mbele kwanza, kisha akalitikisa kwa mkono uliovaa glovu nene. Likabembea bila kugusa kitu.

"Mama, twende ukalijaribu," alisema. "Wewe ndiye utakayesema kama limepona."

Safari hii Obadia naye alipanda, akajibana nyuma kando ya mto wa mgonjwa. Zefania aliendesha hadi kilimani, akakanyaga mafuta. Kila mtu akatega sikio. Walishuka upande wa pili, wakapanda kilima kingine.

"Mama Evodia," aliita Zefania, "unausikia?"

Hakujibiwa. Martina akageuka. Mama Evodia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani.

"Tangu apasuliwe hajapata kulala ndani ya gari," Zefania alisema kwa sauti ya chini. Alipunguza mwendo ili ageuze gari, awarudishe mafundi mjini.

"Usigeuze, baba," Martina alimwambia. "Mko njia ya nyumbani. Mpeleke akiwa hivi hivi. Sisi tushushe hapa, tutapata usafiri."

Walishuka kando ya barabara. Martina alifunga mlango kwa mikono miwili, polepole, usigonge. Pikapu ikaondoka kuelekea Issuna, na baada ya muda mfupi hawakusikia chochote isipokuwa upepo kwenye mabua ya alizeti.

Obadia alivuta kola ya shati lake kujikinga na baridi. "Nina gari la mwalimu mmoja pale kwangu," alisema hatimaye. "Linagonga chini, na mimi nilishamwambia ni gia boksi."

"Kesho niletee," alisema Martina. "Lakini lilete asubuhi, kabla halijapata moto. Na mwalimu mwenyewe aje."